Siku Niliyomkuta Baba Sokoni Mbala

Siku hizi wajukuu zangu wanapanda basi Sumbawanga mpaka Mbeya, kila mtu na kiti chake, maji ya chupa mkononi, halafu wakirudi wanasema bibi tumechoka. Mimi nawatazama tu. Mimi Adela, niliyevuka mpaka wa Zambia peke yangu mwaka wa sabini na tano, msichana, sina jamaa wa kunipokea, chakula changu unga wa ulezi ndani ya kifuko na nguo ya baridi ni blanketi la mama. Nimeingia nchi ya watu asubuhi, na jua halijapinduka nilikuwa nimeshamkaba mtu koo sokoni. Basi kaeni niwaambie, na msinikatize, maana nikikatizwa nakasirika na maneno yanapotea.

Nimezaliwa Mazwi, hapa hapa mjini. Mama yangu Luciana alikuwa Mfipa wa kutoka mashambani, akipika pombe ya ulezi na kuwauzia watu wa malori. Baba yangu alikuwa Mbemba, mtu wa upande wa Zambia, jina lake Sebastiani Mutale, fundi wa baiskeli. Alikuja Sumbawanga siku za Mwingereza, akakaa, akamwoa mama, nikazaliwa mimi. Kisha siku moja akasema anakwenda kwao kutafuta mipira ya baiskeli, maana ya hapa ilikuwa mibovu. Akaenda. Mpira gani huo unatafutwa mpaka mtoto anang'oka meno, anaota mengine, sijui. Hakurudi, wala hakutuma salamu.

Ninachokumbuka kwake ni kidogo sana. Nakumbuka harufu ya gundi ya pancha. Nakumbuka kovu la moto kwenye mkono wake wa kulia, kubwa, linang'aa, nilikuwa napenda kulipapasa. Na nakumbuka hasira zake. Mama alikuwa akisema hasira za Mutale zilikuwa zinafika kabla ya yeye mwenyewe; mtu akimcheleweshea spana tu, spana hiyo utaiokota kwa jirani. Nami nikifanya ukorofi mama ananitazama, anatingisha kichwa, anasema haya, Mutale amerudi. Hilo ndilo neno pekee alilokuwa akilisema kuhusu baba. Mengine alikuwa ameyafungia moyoni na ufunguo ameutupa.

Nimekua hivyo hivyo, mtoto wa Luciana. Sikuona tatizo mpaka alipotokea Flavian. Flavian alikuwa fundi mwashi, kwao ni ng'ambo ya Msanzi, na mwaka ule ndugu zake walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani wakapangwa kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba safu mbili kando ya barabara. Alikuja mjini kujenga, akanijenga mimi. Nilikuwa nampenda, sitaki kuwaficha. Nikimwona anakanyaga udongo wa matofali nilikuwa nasahau nilichotumwa, narudi nyumbani mikono mitupu, mama anafoka.

Ikaletwa posa. Sasa baba yake Flavian, Mzee Felisiani, alikuwa mtu wa taratibu. Wapo watu wa namna hiyo, hata akifa atataka jeneza lisogezwe kidogo likae sawa. Alikaa kwenye kigoda, akasikiliza mjomba wangu anavyojieleza, kisha akauliza baba wa binti yuko wapi. Mjomba akasema aliondoka zamani, huenda ni marehemu. Mzee Felisiani akasema angekuwa marehemu kusingekuwa na shida, mjomba angesimama na mambo yangekwisha siku hiyo hiyo. Lakini amesikia mwenyewe kwamba Mutale yuko hai, yuko Mbala, ng'ambo ya mpaka, na mtoto wa mtu aliye hai hachukuliwi bila baba yake kuulizwa. Huo kwao ni wizi. Baba aje, au atume neno kwa mtu wa kwao. La sivyo Flavian atafute kwingine, na asiende mbali, kijijini pale wasichana wamejaa.

Habari hizo alizileta Mwinjuma, mfanyabiashara wa dagaa pale Majengo, aliyekuwa akivusha mizigo kwa baiskeli kwenda na kurudi. Nikamfuata dukani kwake. Akaniambia bila wasiwasi: Mutale wa baiskeli? Yuko sokoni Mbala, chini ya bati, mwezi uliopita amenizibia pancha. Nikamwuliza kama ana hakika. Akasema pancha mpaka leo haijafumuka. Basi, mimi nikaondoka. Hakuna kati yetu, si mimi, si mjomba, si Mzee Felisiani na taratibu zake zote, aliyemwuliza Mwinjuma huyo Mutale ana umri gani. Nani anauliza umri wa baba wa mtu?

Mama hakunizuia wala hakunibariki. Alinipa blanketi lake akasema kule ni baridi. Nikapanda lori la mahindi, nikalala Msanzi kwa mama mdogo, na alfajiri nikapata gari la watu wa barabara likaniacha karibu na mpaka. Kipande kilichobaki nikakimaliza kwa miguu.

Nilidhani nchi nyingine itakuwa na rangi nyingine. Msicheke. Shuleni ramani ilikuwa hivyo, Tanzania kijani, Zambia waridi. Nikafika pale kwenye mti uliolazwa barabarani, nikaangalia ng'ambo: nyasi zile zile, upepo ule ule wa kukata masikio, ng'ombe mmoja anakula huku mkia uko kule. Askari wa kwetu akaniuliza, ndugu, unakwenda kwa nani. Nikasema kwa baba. Akanipisha. Askari wa kwao akauliza hivyo hivyo, nikasema kwa baba, Mutale wa baiskeli. Yule askari akatabasamu, akasema anamfahamu, nikifika nimpe salamu zake. Yaani mtu tuliyemzika kwa kutomtaja miaka yote, kumbe hata askari wa barabarani anamsalimia.

Trekta la shamba likanichukua mpaka Mbala. Nikashuka, nikaingia dukani kuuliza soko liko wapi, na pale mlangoni nikasimama kama nguzo. Sukari. Imepangwa kwenye rafu, pakiti juu ya pakiti, na hakuna foleni. Sabuni. Mafuta ya kupikia. Mikate imelala pale kama haina mwenyewe. Kwetu mwaka ule sukari ilikuwa ikifika duka la ushirika habari inatembea mji mzima kama habari ya msiba, na ukichelewa kufunga kanga tu umekosa. Mwenye duka akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa, nilishtuka tu, na nyuma ya mshtuko zikaja hasira. Kwa hiyo alikuwa huku. Mimi na mama tunakunywa uji wa chumvi, yeye yuko huku kwenye sukari.

Nikatoka pale nimeshavimba. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, ya adabu, ya shikamoo baba, mimi ni Adela, yalianza kudondoka moja moja. Nilitaka mambo mawili kwake: anipe neno la kuolewa, na aniambie kwa nini alituacha. Sasa nikawa nataka lile la pili lije kwanza.

Sokoni niliuliza kwa Kifipa, wakanijibu kwa Kimambwe, tukaelewana, maana lugha hizo ni ndugu. Mama mmoja akaninyooshea kidole: yule pale, chini ya bati. Nikaona baiskeli imepinduliwa, beseni la maji, na mtu ameinama anatafuta tundu kwenye mpira. Harufu ya gundi ikanifikia kabla sijamfikia yeye. Nikasimama nyuma yake nikasema, kwa Kiswahili, namtafuta Mutale.

Akageuka. Kijana. Kijana mdogo, ndevu ndiyo kwanza zinaomba ruhusa, mdogo kwangu kabisa. Nikadhani ni msaidizi wake. Nikamwambia si wewe, namtafuta fundi mwenyewe, Mutale. Akasema kwa Kiswahili cha watu wa dagaa, "Ndiye mimi."

Nikamwambia Sebastiani Mutale. Akasema ndiye. Nikamwambia Mutale aliyekaa Sumbawanga, aliyekuwa na mke pale Mazwi. Yule kijana akaacha mpira, akajifuta mikono, akanitazama kwa makini, akasema taratibu kwamba ndiyo, alikaa Sumbawanga, zamani.

Zamani! Zamani ipi, na maziwa bado yako mdomoni? Nikamwambia anionyeshe mkono wa kulia. Akanyoosha. Mkono safi kama yai. Ndipo damu ikanipanda. Nikaona nimeshaelewa kila kitu: huyu amemwua baba yangu, amechukua vifaa vyake, amechukua na jina lake, na soko zima liko naye. Nikamshika ukosi nikamkaba. Nilimwita mwizi, nilimwita mwuaji, niliyomwitia mama yake siyasemi mbele yenu. Kucha zangu zilimchana shingo. Na yeye hakurusha mkono. Alisimama vile vile, macho yamemtoka, ananiangalia kama mtu anayesikiliza wimbo wa mbali.

Watu wakajaa. Akaja mama mmoja mwenye mvi, muuza karanga, akanishika kiuno akanivuta kwa nguvu zake zote huku akipiga kelele kwa lugha ambayo nusu yake niliielewa: mwache kaka yangu, mwache kaka yangu. Nikamtazama yule mama, nikamtazama kijana. Kaka yake? Mama yule angeweza kumzaa. Nikamwuliza jirani yake wa biashara, huyu mama ni nani kwa huyu kijana. Akasema huyu ni Kristiana, ndiye aliyemzaa.

Hapo nikaachia. Si kwa sababu nimetulia. Ni kwa sababu akili yangu ilifika mahali ikakaa chini. Mama anamwita mwanawe wa kumzaa kaka, na soko zima limesimama pale, hakuna hata mmoja anayeona ajabu. Nikasema moyoni, Adela, umefika nchi ya wendawazimu, na umekuja kwa miguu yako mwenyewe.

Kijana ndiye aliyesema twende nyumbani. Akafunga vifaa vyake, akatangulia, shingo inavuja damu. Kristiana akafuata ananitupia jicho, na mimi nyuma yao, maana ningekwenda wapi? Hasira zimeniishia, unga wangu umemwagika nusu pale sokoni, na mtu pekee ninayemjua nchi nzima ni huyu niliyetaka kumnyonga.

Nyumbani tulimkuta mama mtu mzima, mpole, anapepeta mahindi. Anaitwa Cornelia. Alikuwa Mmambwe, kwa hiyo maneno yake niliyapata yote, na hilo mpaka leo namshukuru Mungu, kwani habari ile nisingetaka kuisikia nusu nusu. Alinikalisha kwenye mkeka, akanipa maji, akaniuliza natafuta nani. Nikamwambia. Akasema Mutale niliyemfuata, mwenye kovu, alikuwa mume wake, na alikufa mvua zilizopita, kwa homa. Wamemzika kule nyuma ya shule.

Akanieleza na mengine. Kwa Wabemba, mtu mzima akifa jina lake haliachwi likae peke yake. Ukoo unakutana, unamchagua mmoja, kwa kawaida mtoto wa dada yake, anakalishwa kwenye mkeka mpya, anavikwa mshipi wa marehemu, na kuanzia saa hiyo yeye ndiye marehemu. Harithi mali tu. Anarithi mtu. Wake za yule ni wakeze ikiwa watakubali, yeye Cornelia alikataa na akaheshimiwa, watoto wa yule ni watoto wake, dada wa yule ni dada yake hata kama dada huyo ndiye aliyemnyonyesha. Jina lake la zamani halitajwi tena. Kwa hiyo Mutale amekufa, na Mutale ndiye yule pale anayenawa shingo.

Sisi Wafipa tunampa mjukuu jina la babu, sawa, lakini mjukuu anabaki mjukuu, unamtuma maji na akichelewa unamfinya. Haya ya huku sikuwahi kuyasikia. Nilijua natakiwa kulia, baba amekufa, nimeambiwa na mjane wake, lakini chozi halikuja. Utamliliaje mtu ambaye watu wote wanakwambia yuko pale anajipangusa kwa kitambaa?

Na nilikuwa bado sijamaliza kushtuka. Kristiana alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Yeye ni dada wa baba, kwa hiyo ni shangazi yangu, lakini sura aliyonipa haikuwa ya shangazi. Akasema, kwa Kimambwe ili nami nisikie, kaka yake hakuwa na mtoto Ufipa. Kama angekuwa naye angesema. Akamgeukia Cornelia, akamwuliza, wewe uliyelala naye miaka yote, umewahi kumsikia anamtaja mtoto wa Sumbawanga? Cornelia akatazama ungo wake. Nilimwona anatafuta uongo mzuri wa kunipa, akaukosa. Akasema hapana, hajawahi.

Hilo ndilo lililonivunja moyo. Kufa, kila mtu atakufa. Lakini mtu amekaa na mke mwingine, anakula, anacheka, anazeeka, na jina langu halijawahi kumtoka hata kwa bahati mbaya, hata usingizini! Kristiana akaendelea. Alisema watu wana tabia ya kuja baada ya msiba, wakijua marehemu hawezi kukanusha. Leo amekuja wa Sumbawanga, kesho atakuja wa Kigoma, wote wanataka mashamba. Nikamwambia sitaki shamba lake hata la kuzikia panya, nimekuja kuomba neno nikaolewe. Akasema hata neno halitolewi kwa mtu asiyejulikana.

Cornelia akasema, kwa upole wake ule ule, kwa nini tunabishana kama vile mwenyewe amekufa. Mutale si huyu hapa? Aulizwe. Akimkubali ni mwanawe, akimkataa basi, na hakuna wa kusema juu ya neno lake.

Mdomo uliponza kichwa, waliosema hivyo walikuwa wananitazama mimi. Ndoa yangu, Flavian wangu, safari yangu yote, vimo mkononi mwa kijana niliyemkaba mbele za watu, niliyemtukania mama, na mama mwenyewe ndiye huyu amesimama mlangoni. Shingoni mwake mistari ya kucha zangu bado inang'aa. Ningekuwa mimi, haki ya Mungu, ningenifukuza.

Alijipangusa shingo kwa kitambaa chake. Kisha akaniuliza mama yangu anaitwa nani. Nikasema Luciana. Akalirudia jina hilo polepole, kama anajaribu kiatu. Akaniuliza kama mama yuko hai, nikasema yuko hai. Akawageukia wenzake akasema kwa lugha yao, na Cornelia akanipa kwa Kimambwe, "Huyu ni mwanangu."

Kristiana akamwuliza amejuaje, naye ndiyo kwanza amemwona asubuhi ile. Akajibu kwamba huyu binti ametoka mbali, amefika sokoni, hakuuliza, hakusubiri, amemkaba mtu mbele ya soko zima na kumtukana mpaka ukoo. Nyinyi mlimjua Mutale kabla yangu, akasema. Mmeona hasira za nani?

Cornelia alianza kucheka. Alicheka mpaka akaweka ungo chini, akafuta macho kwa ncha ya kanga, na Kristiana naye, aliyekuwa amejikaza, mabega yakaanza kumtikisika. Akasema kweli, kaka yake aliwahi kumrushia padri pampu ya baiskeli. Akaja akaniinua kwenye mkeka, akanishika mashavu yote mawili, akanitazama kwa karibu, na akasema nimechukua na pua yake. Mchana ule nilikula kwao ugali mweupe na nyama, na uji wa jioni ulitiwa sukari, nikanywa bila aibu yoyote.

Kabla sijasahau, harusi ilifungwa. Mutale alikuja mwenyewe kwa baiskeli, na Kristiana nyuma kwenye keria. Mzee Felisiani alikuwa ameweka kiti cha baba wa binti, chenye mgongo. Kijana akaingia, akakaa. Mzee Felisiani akawa anachungulia nyuma yake, anachungulia mlangoni, anamsubiri baba mtu aingie. Kristiana akamweleza. Nilimwona mzee wa taratibu anatafuta taratibu ya jambo hilo kichwani, haipo, jasho linamtoka, mwisho akainama akamwamkia mtoto yule kwa heshima zote za Kifipa, wakapatana. Mama yangu alimtazama kijana juu mpaka chini. Akasema, naona Zambia imekufanya kijana. Watu wakaangua kicheko. Mama akacheka nao, halafu akaingia jikoni na hakutoka mpaka chakula kilipokwisha kuliwa.

Lakini nilikuwa nawaambia siku ile ya kwanza, na ile haikuwa imeisha. Nilikuwa nimelipata neno nililolifuata. Nikiwa na akili ningenyamaza, nikalala, nikaamka nikaenda zangu. Basi. Ila lile swali la pili lilikuwa limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jua likiwa linakaribia kuzama nilimkuta Mutale uani, anakwangua gundi vidoleni kwa kipande cha jiwe. Nikasimama mbele yake. Nilitaka kumkejeli, nawaambia kweli, nilitaka aone upuuzi wao unavyofika mwisho. Kwamba jina unaweza kulivaa, mshipi unaweza kuuvaa, lakini hili hutaliweza. Nikamwambia, "Haya, Baba. Ulituacha kwa nini?"

Cornelia, aliyekuwa anachochea moto jikoni, mlango wazi, akaacha kuchochea. Yule kijana akaliweka jiwe chini. Niliona uso wake unavyohangaika. Angeweza kunidanganya, kwamba aliugua, kwamba njia zilifungwa, kwamba kila siku alitaka kurudi. Ningejua ni uongo na ningeshinda. Angeweza pia kusema mimi siye, mimi nilikuwa mtoto wakati huo, hata kuzaliwa nilikuwa sijazaliwa vizuri. Huo ungekuwa ukweli na ningeshinda pia.

"Sijui kwa nini," akasema. "Lakini niliwaacha, wewe na mama yako. Sikuwatafuta, sikuwataja. Nilikosa. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Mjomba alikuwa akisema ndivyo wanaume walivyo. Padri alikuwa akisema tumwombee. Mama hakusema kitu. Na mwenye kosa amelala nyuma ya shule na ulimi wake, hakunitamka hata mara moja. Akaja mtoto wa watu, mdogo wangu, mwenye alama za kucha zangu shingoni, hajanikosea lolote tangu azaliwe, akalibeba lile kosa lote kama mzigo wa mtu mzee njiani, akaniomba radhi kwa mdomo wake, na akabaki ananisubiri nijibu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nikamwambia, "Nimekusamehe, Baba," nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, nikaanza kulia, kilio cha sauti, cha msibani, mpaka majirani wakachungulia.

Cornelia akaja mbio kutoka jikoni, akaniuliza nalia nini tena. Nikamwambia baba yangu amekufa. Akasema ndiyo, mwanangu, amekufa. Mutale hakuondoka. Alikaa chini kando yangu mpaka nikamaliza.